Istilahi za Kusafisha Mtutu wa Bunduki Ndogo

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwetu ili yatazamwe kabla ya kupigwa chapa, vijitabu vya maelekezo ya kutumia na kutunza vyombo ndivyo vinavyotushughulisha zaidi. Hadithi ikifasiriwa vibaya, msomaji hukosa ladha tu. Maelekezo ya chombo yakifasiriwa vibaya, chombo huharibika; na chombo hicho kikiwa ni bunduki, huenda mtu akapoteza kidole au uhai. Katika makala hii tunakusudia kueleza namna ya kusafisha mtutu wa bunduki ndogo ya kipimo cha .22, na mara ngapi usafishwe, pamoja na maneno ya Kiswahili yanayofaa kwa kazi hiyo. Mambo hayo tumeyaunganisha kwa makusudi, kwa kuwa mfasiri asiyejua kazi yenyewe inavyokwenda hawezi kuchagua neno, hata akiwa na kamusi kumi mezani.

Tuanze na neno lililotufanya tuandike. Katika tafsiri moja tuliyoisoma, sentensi "Ondoa risasi katika mtutu" ilitokea mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ni onyo la usalama: mwenye bunduki ahakikishe kwamba haina kitu ndani kabla hajaanza kazi. Mara ya pili ilikuwa katikati ya maelezo ya usafi: asugue utando wa madini uliogandamana na kuta za ndani. Katika lugha ya asili maneno yalikuwa mawili, tena hayafanani hata kidogo. Katika Kiswahili yamekuwa moja, kwa sababu neno letu risasi lina kazi tatu. Ni jina la madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Ni jina la kile kipande kirukacho kutoka katika bunduki. Na katika mazungumzo ya kila siku ni jina la kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki, pamoja na ganda lake, baruti yake na fataki yake. Msomaji mmoja atadhani kwamba onyo lile ni habari ya kusugua, ataliruka kwa kuwa kusugua kumeelezwa mbele, na ataendelea na kazi huku bunduki imejaa. Mwingine atadhani kwamba maelezo ya kusugua ni marudio ya onyo, na mtutu wake hautasuguliwa kamwe. Kosa la pili huharibu shabaha. La kwanza huua.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya aina hii risasi liwe jina la kitu kizima, kama wasemavyo askari na wawindaji. Kipande kirukacho kiitwe kichwa cha risasi. Kile kinachobaki baada ya kupiga ni ganda la risasi, jina ambalo magazeti yamekwisha kulizoeza. Metali yenyewe iitwe madini ya risasi, bila kufupishwa. Tunajua kwamba waalimu wa kemia watasema risasi latosha. Darasani latosha, karibu na bunduki halitoshi. Na onyo lenyewe tusiliandike kwa maneno matatu au manne. Liandikwe hivi: "Toa risasi zote. Fungua komeo. Tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ipapase kwa kidole." Ni refu, lakini halielekei kufahamika vingine.

Sasa tutazame bunduki yenyewe. Risasi ya .22 ina kipenyo cha milimita 5.6 hivi, na tofauti yake kubwa na risasi za bunduki za kijeshi ni mahali ilipokaa fataki. Katika risasi nyingi za leo fataki ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22 hakuna kikombe: mchanganyiko unaolipuka umetandazwa ndani ya ukingo mwembamba uliozunguka kitako, na pini ya bunduki hupiga ukingo huo ukabonyea na kuwasha. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert ndiye aliyeanzisha risasi ya jinsi hiyo mwaka 1845, ikiwa ndogo kiasi cha kutohitaji baruti. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa .22 fupi mwaka 1857, na .22 ndefu tunayoiona leo ilitokea mwaka 1887, kazi ya kampuni ya J. Stevens. Tunapendekeza kuziita risasi za fataki ukingoni, na zile nyingine risasi za fataki kati. Fataki si neno jipya. Lilikuwa jina la kile kikofia cha kulipua cha bunduki za zamani kabla halijahamia katika sherehe na baruti za watoto, nasi tunalirudisha kazini kwake.

Jina hilo si la mapambo. Likikosekana, mfasiri ataandika "bunduki ndogo" tu, na msomaji atafuata maelekezo ya bunduki kubwa. Kichwa cha risasi ya bunduki kubwa kimevikwa shaba, hukimbia kwa kasi kubwa, na huacha shaba ndani ya mtutu. Mtutu huo husafishwa kwa dawa kali, mara nyingi yenye amonia, ya kuyeyusha shaba. Kichwa cha risasi ya .22 kwa kawaida ni madini ya risasi matupu, au kimepakwa shaba kidogo sana, tena kimepakwa nta au grisi. Uzito wake ni kama gramu 2.6, na zile za mashindano huenda kwa mwendo wa mita 330 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Mtutu wake hauli upesi. Ukitunzwa waweza kupiga makumi ya maelfu ya risasi. Kwa kweli mitutu mingi ya .22 huharibiwa na usafi usiofaa kabla haijaharibiwa na risasi.

Kuhusu neno mtutu, kamusi za zamani zina pia kasiba, neno zuri lenye asili ya Kiarabu, lakini siku hizi wachache hulitumia nje ya ushairi. Mtutu libaki. Ila mfasiri atenge mtutu na tundu la mtutu, kwa kuwa "paka mtutu mafuta" humfanya msomaji apake nje, na aliyeandika alikusudia ndani. Mbele kabisa ni mdomo wa mtutu. Nyuma, inapokaa risasi, ni chemba. Kuta za tundu hazikulainishwa: zimechongwa mifuo izungukayo kama ngazi ya mnara, na baina ya mfuo na mfuo kuna tuta. Mifuo na matuta hayo hukishika kichwa cha risasi na kukizungusha, nacho kikizunguka huenda moja kwa moja. Wenzetu wanaolima hawatahitaji mchoro.

Uchafu unaobaki ndani ya tundu ni wa namna tatu, na hapa ndipo neno "uchafu" linaposhindwa kazi. Kuna masizi ya baruti na fataki. Kuna nta au grisi iliyotoka katika vichwa vya risasi. Kuna madini ya risasi yaliyokwanguka na kushika ukutani. Tumetafuta jina moja la kuvijumlisha na tumeridhika na ukoga. Ukoga wa meno twaujua sote: utando ushikao polepole, unaogandamana, usiotoka kwa maji matupu. Ndivyo ulivyo ukoga wa mtutu. Basi tuseme ukoga wa masizi, ukoga wa nta, ukoga wa madini ya risasi. Mbele kidogo ya chemba, pale joto linapokuwa kali zaidi, masizi hukauka yakawa mviringo mgumu mweusi. Huo tumeuita pete ya masizi, na wapiga shabaha wanauogopa kuliko ukoga mwingine wote, kwa kuwa hubana kichwa cha risasi kabla hakijaanza safari.

Swali la mara ngapi limevurugwa na mambo mawili: historia na lugha.

Historia ni hii. Fataki za zamani zilikuwa na kloreti ya potasiamu. Ikilipuka, huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, jamaa ya chumvi ya jikoni. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na usiku mmoja watosha kuanzisha kutu. Kwa sababu hiyo vijitabu vya wakati ule viliamuru mtutu usafishwe siku ile ile ya kupiga, tena kwa maji ya moto, kwa kuwa mafuta hayaondoi chumvi. Amri hiyo ilikuwa sahihi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 viwanda vya Ujerumani na Marekani vilikuwa vikitengeneza fataki zisizoacha chumvi, na risasi za .22 zinazouzwa leo ni za namna hiyo. Lakini amri ilibaki. Mwandishi humnakili mwandishi, mfasiri humfasiri aliyenakili, na mtu hujikuta anasugua mtutu kila jioni kwa ajili ya chumvi ambayo haimo. Mfasiri hana mamlaka ya kubadili maandishi, hilo twalijua. Lakini anayo haki, na pengine wajibu, wa kumwuliza mchapishaji ikiwa maandishi anayopewa yanahusu risasi za leo au za mababu.

Kwa upande wa lugha, kikwazo ni mara kwa mara. Waandishi wetu wanalitumia kwa maana ya "mara nyingi", kwa maana ya "kila baada ya muda fulani", na wengine hata kwa maana ya "mara moja moja". Katika barua ya kiofisi halina madhara. Katika maelekezo ya mtutu lina madhara, kwa kuwa maandishi ya asili yakisema "safisha mara moja moja" na sisi tukaandika "safisha mara kwa mara", tumeagiza kinyume. Tunashauri lisitumike kabisa katika maelekezo ya ufundi. Mfasiri aandike hesabu ikiwa amepewa, na asipopewa aandike dalili: "safisha unapoona kwamba risasi zimeanza kutawanyika", "safisha risasi zinapokataa kuingia chemba vizuri".

Na hesabu ni ngapi? Inategemea kazi. Mpiga shabaha wa mashindano ya mita 50, ambaye duara la alama kumi analolenga lina upana wa milimita 10.4 tu, husafisha tundu baada ya siku ya mashindano au mazoezi, wengine kila baada ya risasi 100 au 200, ili pete ya masizi isipate nafasi. Mtu apigaye makopo au kanga wa porini aweza kupiga risasi 500 na zaidi bila kugusa tundu, maadamu shabaha haijapungua. Kuna jambo ambalo wageni wa kazi hii hawaliamini: mtutu uliotoka kusafishwa haupigi vizuri. Nta ya risasi hutandaza utando mwembamba ndani ya tundu, na mpaka utando huo urudi, risasi 5, 10, pengine 20 za kwanza huenda zikapotea hapa na pale. Ndiyo maana anayesafisha kila mara hulalamikia bunduki yake, akaongeza kusafisha, ikazidi kumkasirisha.

Isifahamike kwamba tunahimiza uvivu. Chemba na uso wa komeo hutaka kupanguswa mara nyingi kuliko tundu, kwa kuwa nta na masizi hukusanyika hapo na maganda hukataa kutoka. Aliyepiga risasi fupi katika chemba ya risasi ndefu anapaswa kuisafisha kabla ya kurudia ndefu, maana zile fupi huacha mviringo wa ukoga mahali ambapo ganda refu lingepita. Na mvua au jasho likiingia, hesabu zote hubatilika: bunduki hukaushwa siku ile ile. Wasomaji wetu wa Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hawahitaji kuambiwa habari ya kutu. Kwao utando mwembamba wa mafuta ndani na nje ni lazima kila bunduki inapowekwa, hata kama haikupigwa.

Tufike kwenye mdeki. Neno hili tumelipenda kwa uzee wake: ndiyo fimbo ya kushindilia baruti katika gobori. Kwa umbo ni fimbo ile ile, na tunaona kwamba hapana haja ya kuunda jina jingine kwa fimbo ya kusafishia. Lakini neno la kale huja na desturi ya kale. Gobori hushindiliwa kwa mdomoni, kwa kuwa haina mlango mwingine, na mtu akisikia mdeki mkono wake huenda mdomoni. Katika bunduki ya .22 yenye komeo linalotoka, mdeki huingizwa nyuma, kupitia chemba, ukatokea mdomoni. Sababu yake ni kwamba ukingo wa mdomo ndio mahali pa mwisho kichwa cha risasi kinapogusa chuma. Mdeki ukisugua upande mmoja wa ukingo huo ukaula hata kidogo, hewa ya moto hutangulia kutoka upande huo na kukisukuma kichwa kombo. Hivyo mfasiri asiandike "ingiza mdeki katika mtutu". Aandike "ingiza mdeki kwa nyuma, upande wa chemba". Zipo bunduki zisizofunguka nyuma, hasa zile zijijazazo zenyewe. Kwa hizo hutumika kamba laini iliyofungwa kitambaa, ikatangulizwa chembani na kuvutwa kutokea mdomoni. Tumeiita kamba ya kuvutia, na mpaka sasa hatujasikia jina bora.

Hilo komeo nalo lataka neno moja. Wengi huandika bolti. Bolti kwa fundi wetu ni kitu chenye nati, na "toa bolti" humpeleka kutafuta spana, naye aweza kuifungua bunduki sehemu ambazo hazikukusudiwa. Komeo la mlango huteleza, hufunga na hufunguka kwa mkono. Komeo la bunduki hufanya vivyo hivyo.

Vitenzi vya kazi hii ni vinne, na kila kimoja kina mahali pake. Kwanza tundu hulowanishwa: kitambaa chenye dawa ya kuyeyusha ukoga hupitishwa mara moja au mbili, kisha mtutu huachwa dakika chache, mdomo ukiwa umeinama kidogo ili dawa isirudi kwenye mitambo na mbao. Halafu hupanguswa kwa vitambaa vikavu mpaka vitoke karibu vyeupe. Mara nyingi kazi huishia hapo. Ikiwa ukoga wa madini ya risasi umeshika, au pete ya masizi imejitokeza, ndipo husuguliwa kwa brashi ya nyuzi za shaba, mara chache tu, brashi ikitokeza yote mdomoni kabla ya kurudishwa, maana ikigeuzwa katikati ya tundu nyuzi zake hujipinda. Kisha hupanguswa tena. Kusugua kusitangulie kulowanisha: baadhi ya viwanda hutia unga wa kioo katika fataki, na kusugua mtutu mkavu ni kama kuupiga msasa. Kitenzi cha nne ni katua, nacho tunakitaja ili kikatazwe. Sinia hukatuliwa, vifungo vya shaba hukatuliwa; tundu la mtutu halikatuliwi. Mfasiri aliyependa neno hilo kwa utamu wake amemfanya msomaji atie ndani ya bunduki dawa ya kung'arishia masufuria.

Vile vitambaa vidogo vya kupitisha tundu, tumeviona vikiitwa viraka. Kiraka huziba tundu! Kitambaa latosha.

Baada ya kazi, tundu hupitishwa kitambaa chenye tone la mafuta ikiwa bunduki itawekwa, na siku ya kupiga hupitishwa kitambaa kikavu ili mafuta yale yatoke. Kitenzi ni paka, wala si jaza, na katika maelekezo ni vizuri kuandika "tone moja" kuliko "mafuta kidogo", maana kidogo cha mtu mmoja ni kijiko cha mwingine. Vifyatulio navyo visichezewe kwa kujaribu: katika bunduki nyingi za fataki ukingoni, ikifyatuliwa tupu, pini hugonga ukingo wa chemba yenyewe na kuubonyeza, na risasi zitakazofuata zitakwama.

Limebaki neno la madini ya risasi nje ya mtutu. Masizi na vitambaa vilivyotumika vina madini hayo, nayo ni sumu inayoingia mwilini kwa mdomo na kwa vumbi, hasa kwa watoto. Maelekezo mengi huweka jambo hili mwishoni kwa herufi ndogo, na wafasiri hulifupisha wakasema "nawa mikono". Tunaomba lisifupishwe: "Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, vitambaa vitiwe katika mfuko uliofungwa na kutupwa, visifuliwe na nguo za nyumbani, kazi hii isifanywe juu ya meza ya chakula."